Koti Juu ya Mafiga

Binti yangu anauza manukato Arusha, kwenye duka ambalo mimi ningeona haya hata kuingia na kandambili zangu. Krismasi iliyopita alishuka hapa Same na kichupa kimoja cheusi, kidogo kama cha dawa ya macho, amekishika kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, leta mkono," akasema. "Hii siyo pafyumu ya kila mtu. Anayeitengeneza anatoa chupa chache tu, zikiisha ndiyo basi."

Nikampa mkono wa kulia. Akanipulizia, akaanza kunisimulia kama anasoma tangazo redioni: kuna ngozi, kuna moshi wa kuni, kuna iliki, kuna karafuu, na tangawizi kwa mbali. Nikanusa. Wenzangu, nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

"Mama, vipi tena?"

"Mwanangu, hili ni koti la Babu! Watu wanatoa hela kununua koti la Babu?"

Akanitajia bei. Kicheko kikanikatika, maana mimi ni Mpare, na kuna bei ambazo hazitamkwi mbele ya Mpare bila kumwandaa kwanza. Lakini mkono ule sikuunawa. Jioni nilikula ugali kwa kijiko, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwangu, na mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Babu alifariki kabla sijaanza shule. Kwake ni Chome, juu kabisa, kule ambako ukungu wa msitu wa Shengena unaingia ndani bila hodi. Sisi tulikuwa tunakaa Same mjini, kwenye jua na vumbi letu. Baada ya mazishi wakubwa walikaa wakakubaliana kwamba Bibi asiachwe peke yake ndani ya nyumba, na kwetu kazi hiyo ni ya mjukuu. Anapelekwa mtoto, anakaa na bibi yake, analala naye kitanda kimoja, ili akiamka akute mtu wa kumsemesha. Nikachaguliwa mimi. Niliambiwa nakwenda kumsaidia Bibi kazi, na mimi mwenyewe nilikuwa bado navaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Bibi niliyemkuta hakuwa yule niliyemjua. Bibi wangu alikuwa mtu wa kicheko. Akicheka kanisani, mwinjilisti alikuwa anafunga kitabu kwanza, anasubiri amalize, ndipo anaendelea. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda taratibu, na kikishafika juu hakuna mtu jirani aliyeweza kubaki amenuna. Sasa nikimwamkia, "Shikamoo Bibi," ananiitikia marahaba kwa sauti ndogo, anainjika chungu, anakaa. Nilijaribu kila kituko nilichokijua. Nilitembea kama bata. Nilivaa sufuria kichwani. Nilimwiga mama mmoja wa kwaya anayefumba macho akiimba. Bibi alinishika tu kichwa akasema, "Haya mama, kachukue kuni." Nilitaka Bibi acheke. Kwa umri ule sikuwa na haja nyingine duniani.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba. Mafiga matatu, na juu yake kichanja cha fito zilizopigwa masizi mpaka zikawa zinang'aa. Kila kitu ambacho Bibi hakutaka kioze kilikaa kule juu. Mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakaning'inia kama watu waliokaa kwenye tawi. Maharage yalikuwa kwenye vibuyu, tangawizi kwenye ungo. Na katikati ya vyote hivyo, limetundikwa kwenye kijiti, koti la Babu.

Lilikuwa la ngozi ya ng'ombe, zito, jeusi. Babu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alishuka Kisiwani kwa miguu, akarudi na harufu ya zizi, na koti lile alilipata mnadani kwa dereva mmoja wa lori baada ya kubishana naye asubuhi nzima. Alilivaa kwa kila jambo: harusi, msiba, kanisani, na siku za baridi hata kitandani. Alilipaka mafuta ya kondoo lisikauke. Alikuwa na jino bovu, akilituliza kwa karafuu, na chai bila iliki hakuitambua kama ni chai, kwa hiyo mifuko yote miwili ilikuwa duka la viungo. Akinipakata, niliingiza mkono mfukoni kutafuta pipi, nikatoka na karafuu, nikaitia mdomoni. Nikikunja uso, ananicheka, mimi natema.

Chome ngozi ukiiacha chumbani inaota ukungu. Ndiyo maana Bibi akaliweka juu ya moto. Kila jioni alipochochea kuni, moshi ulipanda, ukapita katikati ya mahindi, ukaingia kwenye mikono ya koti, na koti likajaa kidogo, likatikisika. Bibi alikuwa analitazama. Mimi nilikuwa namtazama Bibi.

"Bibi, haya mahindi ya juu mbona hatuli?"

"Hizo ni mbegu. Zinasubiri mvua."

"Na lile koti?"

Akasukuma kuni motoni. "Hilo liache hapo."

"Litashuka lini?"

"Wakati wake ukifika litashuka."

Basi. Mtu mzima anasema neno moja akapita, mtoto analiokota na kwenda kulijengea nyumba. Siku ya kumaliza matanga nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, nikamsikia mwinjilisti akihubiri kwamba anayekufa ni sawa na mbegu inayotiwa udongoni, na iko siku itaamka. Watu wakaitikia amina, na wengine wakafuta machozi. Mimi nililisikia kama maelezo ya kilimo. Sasa nimekaa jikoni, naona mbegu za mahindi ziko juu ya moshi zinasubiri mvua, na katikati yake liko koti la Babu nalo linasubiri wakati wake. Kulikuwa na nini tena cha kuuliza? Bibi alikuwa anamtunza Babu kwa ajili ya msimu. Mvua ikinyesha tutampanda, ataota, Bibi atacheka. Nilishangaa tu kwa nini wakubwa walikuwa wanalia wakati mambo yamepangwa vizuri hivyo.

Mvua ikaja. Bibi akashusha mahindi, akayapuliza masizi, tukapukuchua pamoja kwenye ungo. Tulipanda mahindi, tukapanda maharage. Kisha tangawizi, nyuma ya jiko, chini ya migomba. Bibi alinifundisha: unachimba kidogo, unatia samadi, unalaza kipande jicho likitazama juu, unafunika kwa kiganja. Mimi nilikuwa narundika udongo, akanishika mkono. "Taratibu. Unapanda, huziki." Kila siku nilitegemea atashusha na koti. Hakulishusha. Nikadhani pengine koti linapandwa mwisho.

Ndipo akaja Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, kifungua mimba wa Bibi. Alikuwa na duka Same, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alituletea sukari na mkate, akakaa jikoni kwenye kigoda, akasifu makande, akauliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Alikuwa analizunguka neno lake. Bibi akamsaidia.

"Sema, mwanangu."

"Mama, ni lile koti." Hakutazama juu. "Kofia ya Mzee imekwenda, fimbo imekwenda, kila mtu amepata chake. Koti ni la mtoto wa kwanza, ndivyo mila yetu ilivyo. Ndugu wananiuliza kila wakikutana na mimi, kwa nini koti la baba yako limetundikwa jikoni kama nyama? Wanasema nimelikataa."

"Hukulikataa."

"Sikulikataa. Na mimi lile koti nalipenda, Mama."

"Najua," Bibi akasema. "Ni la kwako. Kesho ukiwa unashuka, lichukue."

Akageuka akakoroga chungu. Makande yalikuwa yameshaiva na kuepuliwa, lakini alikoroga tu, na mgongo wake ulikuwa mdogo sana.

Moyo wangu ulikwenda mbio. Litashukaje Same? Mimi nimezaliwa Same, naijua. Mama yangu alipanda mpapai nyuma ya nyumba, akaumwagilia maji ya ndoo asubuhi na jioni, ukasimama pale umenuna mpaka siku ulipokufa. Kule hata mchicha unaota kwa kubembelezwa. Baba Mkubwa akimchukua Babu akampanda kule, atakauka. Na Babu akikauka, Bibi ndiyo basi tena.

Mchana ule Bibi alimsindikiza Baba Mkubwa kusalimia ndugu wa ng'ambo ya mto. Nikaachiwa nyumba. Nikageuza kinu kichwa chini, nikapanda juu yake na upembo wa kuangulia maparachichi, nikavuta. Koti likanishukia lote, nikaanguka nalo, likanifunika. Nakumbuka giza la mle ndani kuliko ninavyokumbuka nyumba nyingi nilizowahi kukaa. Lilikuwa na joto la moto wa asubuhi. Moshi, ngozi, mafuta ya kondoo, na ndani zaidi, karibu na mfuko, karafuu na iliki. Alikuwa Babu mtupu. Sikuogopa hata kidogo. Nilikaa humo nikavuta pumzi, nikamwambia, "Babu, twende."

Nililiburuta mpaka kwenye tangawizi. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, nikachimba kwa jembe dogo la Bibi, na pale jembe liliponishinda nikachimba kwa mikono. Nikatia samadi, nyingi, maana Babu alikuwa mtu mkubwa. Nikalilaza kifua juu, mikono nikainyoosha vizuri asikae amejikunja. Nikafunika kwa kiganja, taratibu, kama nilivyofundishwa. Kola nikaiacha nje apate hewa. Waliporudi nilikuwa nimekaa mlangoni, nimenawa, nimetulia kama mtoto wa picha. Jioni ikashuka mvua, mvua yenyewe ya Chome, ile isiyo na haraka. Nikawa naisikiliza juu ya bati nikiwa kifuani kwa Bibi, na raha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Asubuhi Baba Mkubwa aliingia jikoni ameshavaa viatu, akatazama juu.

"Mama, umeshalishusha?"

"Sijaligusa."

Wakatazamana. Kilichofuata mnaweza kukikisia nyie mnaotujua. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sasa fikiria kesi ya koti! Muda si muda ua umejaa majirani, kila mmoja na lake. Mama Eliamini, jirani wa nyumba ya chini, akasema alisikia mbwa wakibweka. Mwingine akasema mbwa wale hubweka hata wakiota. Baba Mkubwa akakumbuka kijana mmoja aliyelikodolea macho koti siku ya mazishi, akatoa kalamu mfukoni, akasema, "Leo hii hii nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji! Huyu nitampeleka mpaka Same!"

Mimi nilikuwa natoka nyuma ya jiko, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimekwenda kutazama kama Babu ameota. Hakuwa ameota, lakini kola ilionekana kama imesogea kidogo, nikapata matumaini.

"Halijaibiwa," nikasema.

Ua mzima ukanigeukia.

"Unasemaje wewe?" Baba Mkubwa akauliza.

"Nimelipanda."

"Umefanya nini?"

"Nimelipanda. Kwenye tangawizi." Nikaona hawaelewi, nikaongeza, "Nimeweka na samadi."

Bibi akaja akachuchumaa mbele yangu. "Umelipanda kwa nini, mama?"

"Ili Babu aote. Kule Same atakauka."

Nilimwona Bibi anafungua mdomo, anaufunga. Kisha nikasikia kitu tumboni mwake, kama chungu kinapoanza kuchemka kabla hakijatoa mvuke. Kikapanda. Bibi akashika nguzo ya jiko. "Na samadi!" akasema, "Jamani, ameweka na samadi!" na kicheko kikafika juu, kile kile, kile cha kumfanya mwinjilisti afunge kitabu. Mama Eliamini akapokea, wengine wakafuata, ua wote ukawa unacheka. Bibi alicheka akakaa chini kwenye matope, akavuta khanga akafunika uso, na mabega yakaendelea kutikisika kwa namna nyingine, kisha akaifunua akacheka tena. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kulia na kucheka kwa pumzi moja.

Baba Mkubwa peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye tangawizi, akapiga magoti na suruali yake ya safari, akafukua kwa mikono. Koti likatoka zito, mikono imejaa tope, nyungunyungu mmoja anatoka mfukoni bila wasiwasi. Akalikumbatia na shati lake jeupe vile vile. Akaweka pua kwenye kola.

"Bado ni Mzee," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nyuma yetu Bibi alikuwa bado anacheka. Baba Mkubwa akageuka akamtazama mama yake, akamtazama muda mrefu. Kisha akaja, akamwekea koti mabegani, na tope lake lote.

"Mila je?" Bibi akamuuliza, anafuta macho.

"Mila inataka livaliwe na mkubwa wa nyumba. Hapa mkubwa ni nani kama siyo wewe?"

"Na ndugu zako?"

"Wakiniuliza nitawaambia lilikuwa limeshashika mizizi."

Akashuka Same na shati la tope, bila koti, na majirani wanasema alikuwa anajichekea njiani peke yake. Aliyelia siku ile ni mimi. Nililia sana, kwa hasira, kwa sababu wamefukua mbegu kabla ya wakati wake, na kila mkulima anajua ukifanya hivyo umeharibu. Bibi hakunihubiria. Alinipa kipande cha tangawizi chenye jicho, akaniambia nikipande kwenye lile shimo, kwa kuwa samadi ipo tayari. Koti tukalifuta, tukalipaka mafuta ya kondoo, tukatia karafuu mpya mifukoni, likarudi juu ya mafiga. Lakini udongo ulibaki kwenye mishono, haukutoka tena. Tangu hapo moshi ukilipitia kulikuwa na harufu ya shamba lililonyeshewa. Na tangawizi ya shimo lile ilipovunwa ilikuwa nene ajabu, vidole kila upande. Bibi aliibeba akaizungusha kwa majirani mlango kwa mlango. "Mtazameni mume wangu," akawa anasema, "ameota."

Nilikaa Chome mpaka shule iliponiita. Koti nalo liliishi miaka yake, Bibi akilivaa kila asubuhi kwenda kukamua, mpaka likachakaa likawa vipande. Kipande cha mwisho alikigeuza bawaba ya mlango wa banda la mbuzi, na mbuzi wakamalizia harufu iliyobaki. Nilidhani sitainusa tena. Ndiyo maana, binti yangu alipokuja na kichupa chake cheusi, nilimwambia afunge mzigo, tunapanda Chome.

Bibi ni mzee sasa. Macho yamemwacha, lakini masikio na pua viko kazini. Tulimkuta amekaa jikoni kwake pale pale, miguu ameielekeza kwenye moto. Tukamwamkia, akatupapasa nyuso, akamuuliza kitukuu wake kama huko Arusha wanakula. Kisha binti yangu akamshika mkono, akampulizia kidogo kifundoni, kwa uangalifu mkubwa wa mtu anayejua bei.

Bibi akaleta mkono puani. Kuni zikalia motoni. Nikaona uso wake unafunguka, mkunjo mmoja mmoja.

"Nani amelishusha koti?" akauliza.

Binti yangu akanitazama, macho yamejaa maji.

Bibi akanusa tena, mara hii kwa kukunja uso, kama anavyofanya akionja makande akaona kuna kitu kimepungua.

"Hapana," akasema. "Hili bado halijapandwa." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, nyuma ya jiko, kwenye tangawizi. "Mama, kalete jembe."

Binti yangu akakificha kichupa mgongoni. Lakini tumboni mwa Bibi kicheko kilikuwa kimeshaanza, na kinapanda.